Transista ya wati 1,250 iliyoshindwa na wati 1,000: kisa cha redio moja ya West Nile

Redio hii iko katika mji mmoja wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, upande wa kwenda mpaka wa Congo. Inatangaza kwa Kilugbara na Kiswahili, na saa chache za jioni kwa Kilingala, kwa sababu wasikilizaji wake wako pande zote mbili: Arua na Koboko huku, Aru na Ariwara kule. Katika muda wa majuma machache mtambo wake wa kurushia matangazo uliunguza transista mbili za bei kubwa, moja baada ya nyingine. Kila moja iligharimu zaidi ya mshahara wa mwezi wa watangazaji wawili. Kabla ya kununua ya tatu, bodi ilitaka kwanza ijue kinachozimaliza ni nini. Nimeandika uchambuzi huu kwa mafundi na mameneja wa redio ndogo, maana mitambo ya aina hii sasa imejaa Afrika Mashariki, na swali lililoulizwa pale nimelisikia sehemu nyingi.

Meneja aliliuliza hivi: "Fundi, nieleze kama mtu asiyesoma mambo ya umeme. Kwenye karatasi ya transista wameandika wati elfu moja mia mbili na hamsini. Sisi tumeiomba elfu moja tu. Imeshindwaje?"

Ni swali la haki. Mtu akinunua lori la tani kumi akapakia tani nane, hategemei ekseli ikatike. Lakini namba ya transista ya redio haisomwi kama namba ya lori, na kisa kizima kimelala humo.

Mtambo wenyewe

Ni mtambo wa FM wa kilowati 1, na kibali cha redio kutoka Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) kinaruhusu kiwango hicho. Kazi yote ya mwisho ya kukuza nguvu inafanywa na transista moja, MRFE6VP61K25H, ya aina ya LDMOS (transista za nguvu kubwa za masafa ya redio) inayotumia volti 50. Ndani yake mna nusu mbili zinazofanya kazi kwa zamu, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Zamani kilowati 1 ilipatikana kwa kuunganisha transista nne za aina ya MRF151G, kila moja ya wati 300. Siku hizi moja inatosha, na ndiyo maana mitambo imekuwa midogo na bei imeshuka.

Nje kuna mlingoti wa mita 45 wenye dipoli nne (vipande vya antena), unaolishwa na kebo ya nusu inchi yenye urefu wa mita 60. Kwa miaka mtambo ulikuwa ukiendeshwa kwa wati 600 bila shida yoyote. Msimu wa kampeni ulipofika, matangazo ya biashara na ya wagombea yaliongezeka, redio nyingine ikaanza kusikika vizuri upande wa Koboko, na mwenyekiti wa bodi akaagiza mtambo upandishwe hadi kiwango cha kibali.

Fundi wa kituo alitii. Jambo moja alilifanya vizuri sana, na bila hilo tusingejua chochote: aliendelea kuandika daftari la zamu kila saa. Nguvu inayokwenda, nguvu inayorudi, volti, ampea, joto la bamba la kupoozea na joto la chumba, vyote vimo kwa kalamu ya bluu. Karibu kila ninachosema hapa chini kimetoka kwenye daftari hilo.

Daftari linasema nini

Siku za wati 600, transista ilipewa volti 42 ikala ampea 20. Hiyo ni wati 840 zilizoingia. Mia sita zilikwenda kwenye antena, 240 zikageuka joto. Nguvu iliyorudi kutoka kwenye antena ilikuwa wati 6. Chumba nyuzi 29, bamba nyuzi 45.

Siku ya kupandisha, fundi alifikisha volti 50, ambazo ndizo mwisho wa pawasaplai, akaongeza pia nguvu ya kusukuma kutoka kwenye eksaita, kifaa kinachotengeneza wimbi la awali. Mtambo uligoma kwenye wati 930. Aliongeza msukumo tena, namba haikusogea. Zilikuwa zikiingia volti 50 na ampea 26.5, yaani wati 1,325, na joto lilikuwa wati 395.

Halafu mvua zikaanza. Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua kubwa, mtambo ulionekana umefika wati 1,000 wenyewe, bila mtu kuugusa. Daftarini pameandikwa "sasa imekaa sawa". Ampea zilikuwa zimepanda hadi 33, na nguvu inayorudi hadi wati 40. Kabla ya hapo, wakati mwingine ulinzi wa mtambo, uliokuwa umewekwa ukate nguvu pindi wati 30 zinaporudi, ulikuwa ukikata matangazo katikati ya kipindi, kwa hiyo kikomo chake kilipandishwa hadi 120 ili redio isikatike. Namwelewa aliyefanya hivyo: simu za wasikilizaji zilikuwa zikiingia, na mtangaza tangazo aliyelipia dakika yake hataki maelezo.

Transista ya kwanza ilikufa jioni. Umeme ulikatika, jenereta ikawashwa, na jenereta hiyo hainyanyui kiyoyozi. Chumba kilifika nyuzi 34. Saa mbili usiku fundi wa zamu aliandika joto la bamba kuwa nyuzi 89. Hilo ndilo andiko la mwisho kabla ya kimya. Mtambo haukujizima kwa joto kwa sababu kikomo chake cha kiwandani ni nyuzi 90.

Nguvu hutoka wapi, na mwisho wake uko wapi

Sasa nirudi kwenye swali la meneja. Transista haina nguvu iliyohifadhi ndani. Ni mlango unaofunguka na kufunga mara milioni mia moja kwa sekunde, ukipitisha umeme wa pawasaplai kuelekea kwenye mzigo. Kwa hiyo wati zitakazotoka zinaamuliwa na vitu viwili vilivyo nje yake: volti ulizoipa, na ukinzani wa mzigo inaouona.

Hesabu yake ni fupi. Kwa saketi ya kusukuma na kuvuta, ukichukulia wimbi safi la sine, nguvu ya juu kabisa ni volti mara volti, mara mbili, gawanya kwa ukinzani kati ya dreni na dreni, yaani miguu ya kutokea nguvu ya zile nusu mbili. Antena na kebo ni omu 50. Transfoma ya kutokea katika mtambo huu ni ya 1 kwa 9, kwa hiyo transista inaona omu 50 gawanya kwa 9, yaani karibu omu 5.6. Weka volti 50: 2,500 mara mbili ni 5,000, gawanya kwa 5.6, unapata karibu wati 900. Saketi iliyotengenezwa vizuri huongeza kidogo kwa kubana vilele vya wimbi, na ndivyo 930 zilivyopatikana.

Maana yake ni kwamba siku ile mtambo ulipogoma, ulikuwa umefika mwisho wa volti. Volti za dreni zilikuwa zikishuka hadi karibu na sifuri na kupanda hadi karibu mara mbili ya 50 katika kila mzunguko, na hapakuwa na nafasi ya kuyumba zaidi. Ukiendelea kusukuma geti (mguu unaopokea msukumo) katika hali hiyo, wati hazipatikani. Unachonunua ni joto na hamoniki (mawimbi ya ziada kwenye masafa mara mbili, mara tatu ya yako), na hamoniki ya pili ya FM huangukia kati ya megahezi 175 na 216, mahali ambapo kuna huduma nyingine. Juu tu ya 108 kuna masafa ya ndege. Mtambo unaosukumwa kupita kiasi hujisumbua wenyewe na kusumbua majirani, na UCC ina haki ya kuuzima.

Kwa nini basi karatasi inasema 1,250? Kwa sababu namba hiyo ilipimwa kwenye saketi ya majaribio ya mtengenezaji, kwa volti 50, kwa mzigo uliochaguliwa kwa ajili ya namba hiyo. Ukitaka wati 1,250 kutoka volti 50 kwa hesabu yetu, mzigo lazima uwe omu 4. Transfoma ya 1 kwa 9 haitoi omu 4. Aliyebuni mtambo huu alichagua omu 5.6 akijua anachofanya: aliacha akiba ili transista isikimbie kwenye ukingo.

Na hapo ndipo zile wati 1,000 zilizojitokeza baada ya mvua zinapotia shaka. Kama volti hazikuongezeka, msukumo haukuongezwa, na nguvu imepanda, basi kilichobadilika ni mzigo. Omu zimeshuka. Wati 40 zinazorudi kati ya 1,000 ni asilimia 4, ambayo ni SWR ya 1.5 (SWR ni kipimo cha antena kutolingana na kebo; 1 ni kulingana kabisa). Kwa SWR hiyo, mzigo wa omu 5.6 unaweza kuwa popote kati ya omu 3.7 na 8.3, kutegemea urefu wa kebo na mahali tatizo lilipo. Ungeangukia upande wa 8.3, nguvu ingeshuka na fundi angejua kuna ugonjwa. Uliangukia upande wa chini. Ampea zikapaa kutoka 26.5 hadi 33, onyesho likasoma 1,000, na kila mtu akafurahi. Wati 70 za nyongeza zilikuwa dalili ya maji kwenye antena.

Katika kisa chote hiki, hilo ndilo linalonigusa zaidi. Tumezoea kwamba ugonjwa wa antena hujionyesha kwa nguvu kupungua. Ukijionyesha kwa nguvu kuongezeka, hakuna anayepanda mlingotini.

Hesabu ya joto

Tazama tena ampea. Wati 1,650 zinaingia, 1,000 zinatoka. Joto ni wati 650. Kutoka 600 hadi 1,000 redio iliongeza nguvu kwa theluthi mbili, lakini joto ndani ya transista likaongezeka karibu mara tatu.

Wati 650 hizo zinatoka kupitia kibamba cha chini cha transista chenye urefu wa takriban sentimita 4 na upana wa sentimita 1. Pasi ya nyumbani ya wati 1,000 husambaza joto lake kwenye eneo kubwa zaidi ya hapo mara makumi, na bado inaunguza shati.

Mtengenezaji anatoa namba tatu zinazotuhusu. Ukinzani wa joto kutoka kiini cha silikoni hadi kibamba ni nyuzi 0.15 kwa kila wati. Kiini hakitakiwi kuzidi nyuzi 225. Kibamba hakitakiwi kuzidi 150. Ile namba kubwa ya uwezo wa kupoteza joto, wati 1,333, ambayo muuzaji hupenda kuionyesha, inahesabiwa kibamba kikiwa nyuzi 25. Kila kibamba kinapopanda nyuzi moja, uwezo huo unapungua kwa wati 6.67. West Nile hakuna kibamba cha nyuzi 25, labda kwenye friji.

Basi tuhesabu kutoka chini kwenda juu. Kihisi cha joto cha mtambo huu kiko pembeni mwa bamba la alumini, mbali na transista. Kutoka pale hadi chini ya kibamba nilikadiria nyuzi 0.06 kwa wati, kwa kuwa transista ilikaa moja kwa moja juu ya alumini bila kipande cha shaba cha kusambaza joto.

Kwa wati 600: bamba 45, ongeza 240 mara 0.06 ambayo ni 14, ongeza 240 mara 0.15 ambayo ni 36. Kiini kilikuwa karibu nyuzi 95. Hapo transista inaweza kuzeeka taratibu kwa miaka.

Kwa wati 930 kabla ya mvua, nikikadiria kwa namna hiyohiyo, kiini kilikuwa karibu 140. Bado ni salama. Nalisema hili wazi kwa sababu katika kikao kulikuwa na hamu ya kumlaumu mwenyekiti kwa kuagiza nguvu ipandishwe. Kupandisha peke yake hakukuua kitu. Kulikula akiba yote, basi likija jambo la pili na la tatu hapakuwa na pa kuliegemeza.

Kwa saa mbili usiku ile: bamba 89, ongeza 650 mara 0.06 ambayo ni 39, ongeza 650 mara 0.15 ambayo ni 97 na nusu. Jumla nyuzi 225. Namba ileile ya kikomo, na mtambo ukiona nyuzi 89 tu, nyuzi moja chini ya kujizima.

Bamba lenyewe lilikuwa limechoka. Siku za wati 600 lilikuwa likipanda nyuzi 0.067 kwa kila wati ya joto, na jioni ile lilikuwa 0.085. Tulipolifungua, mapezi ya nyuma yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu la kiangazi lililoganda, na feni moja kati ya mbili ilizunguka kivivu. Ongeza kwamba Arua na miji jirani iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo ya kubeba joto. Vitabu vingi vya mitambo vina jedwali la kupunguza nguvu kulingana na mwinuko, ukurasa usiosomwa.

Ya pili ilikufa haraka zaidi

Transista mpya ilipanda basi kutoka Kampala, ikafungwa siku iliyofuata, ikafa jioni ya kesho yake. Wengi walisema ni feki. Feki zipo kweli sokoni, zilizofutwa jina na kuandikwa upya, na si vibaya kuzishuku. Lakini tulipoifungua, kibamba chake kilieleza kisa kingine: grisi ya joto ilikuwa imepakwa nene, na skrubu moja ilikazwa mwisho kabla ya nyingine kuguswa, hivyo upande mmoja ukainuka. Katikati, mahali joto linapotoka, grisi ilikuwa bado ina unyevu na unene wake, ishara kwamba chuma hakikugusana na chuma.

Grisi inapitisha joto vizuri kuliko hewa na vibaya sana kuliko shaba au alumini. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Ikizidi hapo, inakuwa blanketi. Chukua kwamba ilipandisha ile 0.06 hadi 0.12. Kwa wati 650 za joto, kihisi kikisoma nyuzi 75 za kutuliza moyo, kiini kinafika 250. Bamba lilikuwa baridi zaidi kuliko siku ya kwanza kwa sababu joto lilikuwa limezuiwa lisifike kwenye bamba.

Tulipima zote mbili kwa mita. Katika kila moja, nusu moja ilikuwa imeshikana (shoti) kati ya dreni na sosi, mguu wake wa tatu, na geti zote zilikuwa nzima. Kwa kawaida geti iliyotobolewa humwelekeza mtu kwenye msukumo uliozidi au umeme tuli wa mikono. Dreni iliyoshikana humwelekeza kwenye joto au volti kubwa. Hapa vyote viliafikiana na daftari.

Habari ya "65 kwa 1"

Muuzaji alikuwa amewaambia kwamba transista hii haiuawi na antena mbovu, kwa kuwa inahimili SWR ya 65 kwa 1. Hakuwadanganya, ila hakusoma mstari wote. Jaribio hilo linafanywa kwa mapigo ya mikrosekunde 100, yakiwa asilimia 20 tu ya muda. Yaani inawaka sehemu moja ya tano na kupumzika nne ya tano, na kila pigo linaisha kabla joto halijajikusanya. Linathibitisha kwamba silikoni haitapasuka papo hapo kwa volti zinazorudi. Halisemi lolote kuhusu saa kumi na nane za matangazo.

FM haipumziki. Mtangazaji akinyamaza, muziki ukisimama, nguvu inayotoka ni ileile, kwa sababu sauti iko kwenye masafa yanayoyumba na wala haiko kwenye ukubwa wa wimbi. Ukiona kwenye karatasi namba ya mapigo na namba ya mfululizo, ya redio ni ya mfululizo daima. Ningependa kila anayeuza transista Kampala aseme hivyo dukani.

Juu ya mlingoti

Maji yalikuwa kwenye konekta ya dipoli ya tatu, iliyozungushiwa utepe wa plastiki wa kawaida ambao jua lilikuwa limeukausha na kuuchana. Pini ya katikati ilikuwa ya kijani.

Kebo nayo ilikuwa imeficha ukubwa wa tatizo. Nusu inchi hupoteza karibu desibeli 2.2 kwa kila mita 100 kwenye masafa haya, kwa hiyo mita 60 zinapoteza 1.3. Kati ya wati 1,000 zilizotoka chini, 740 ndizo zilizofika juu. Zinazorudi nazo hupungua kwa kiasi hichohicho zikishuka: wati 40 zilizoonekana chini zilikuwa 54 kule juu. Kwenye antena yenyewe SWR ilikuwa zaidi ya 1.7, wakati mtambo ukisoma 1.5. Kebo inayopoteza zaidi hufanya antena mbovu ionekane nzuri, basi anayesoma SWR chini akumbuke anasoma habari iliyolainishwa.

Walichoamua

Mapendekezo yangu yalianza na jambo ambalo mwenyekiti hakulipenda: kurudi wati 650. Alisema, "Sasa Koboko watatusikiaje?" Nikamwonyesha kwamba kutoka 1,000 hadi 650 ni chini ya desibeli 2, na ukali wa mawimbi yanayomfikia msikilizaji unapungua kwa asilimia 19 tu. Aliye mbali kiasi cha kupoteza redio kwa tofauti hiyo, hata siku za wati 1,000 alikuwa akisikia kwa taabu. Kwa mlingoti wa mita 45, FM hufika hadi upeo wa kilomita 33 hivi kwa redio ya mkononi. Ukiwa na kilima cha mita 100 zaidi, upeo unakuwa kilomita 55. Wati haziwezi kuvuka kilima. Kubadili kebo kuwa ya 7/8 ya inchi kunarudisha desibeli 0.6 bila transista kutoa jasho, na kutoka dipoli nne hadi nane, zikipangwa kwa nafasi sahihi na mlingoti ukiwa na uwezo wa kuzibeba, ni mara mbili ya nguvu inayoelekea kwa msikilizaji. Pesa za transista mbili zilizoungua zingekuwa zimeanza kazi hiyo.

Mzee alitazama namba kwa muda mrefu, akakubali.

Konekta zote nne zilibadilishwa na kufungwa kwa utepe wa mpira unaojishika, kisha wa plastiki juu yake. Bamba lilisafishwa kwa hewa ya kompresa, feni zikabadilishwa zote mbili, na kipande cha shaba chenye unene wa sentimita 1 kikawekwa kati ya transista na alumini. Grisi ilipakwa nyembamba hadi chuma kikaonekana chini yake, na skrubu zikakazwa kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Kikomo cha nguvu inayorudi kilirudishwa wati 30. Kihisi cha joto kilihamishwa hadi kwenye shaba, ubavuni mwa transista, na kikomo chake kikawekwa nyuzi 65 mahali pa 90. Ukutani nyuma ya mtambo lilitobolewa dirisha la hewa lenye wavu, ili jioni ya jenereta chumba kisitegemee kiyoyozi.

Transista ya tatu sasa inapewa volti 43.5 na kula ampea 21. Zinaingia wati 913, zinatoka 650, joto ni 263. Zinazorudi ni 5. Chumba kikiwa nyuzi 32, shaba inasoma 54, na kwa hesabu ileile kiini kiko chini ya 110.

Kuna jambo moja ambalo bodi haijaamua, nami nalisukuma kila tunapozungumza. Mtambo wa transista moja ukifa, redio imekufa. Mitambo ya zamani ya transista nne, ikifa moja, ilibaki na asilimia 56 ya nguvu, na wasikilizaji wengi hawakujua kitu. Amplifaya mbili za wati 500 zikiunganishwa, moja ikifa unabaki na robo, kwa sababu nusu ya nguvu ya ile iliyo hai inaishia kwenye mzigo wa kusawazisha. Robo ya kilowati kutoka mlingoti wa mita 45 bado ni redio inayosikika mjini kote. Kwa kituo kilicho umbali wa karibu kilomita 500 kutoka Kampala, ambako transista husubiri basi livuke Pakwach, ningelipia amplifaya ya pili kabla ya kulipia wati ya ziada. Makadirio ya bei yako mezani kwa mhasibu, pamoja na ya kebo ya 7/8, na mwenyekiti amesema yote mawili yatajadiliwa kwenye kikao kijacho.